Nyumba Uliyoachiwa

UKURASA WA NYUMBA YETU

Tumezoea hapa kuzungumza habari za mapazia, za jiko, za vyumba vya watoto na za kubana matumizi. Mwezi huu naomba tutoke kidogo tukatazame nyumba ya mbali, kubwa kuliko nyumba zetu zote tukiziunganisha, kisha turudi na mafunzo yake katika sebule zetu.

Jambo lenyewe ni hili: mwanamke afanye nini na nyumba ambayo hakuijenga yeye? Wengi wetu hatukuanza kwenye kiwanja kitupu. Tuliolewa tukakuta nyumba ina kuta zake, viti vyake, picha zake na wenyewe wake. Wengine tumehamia nyumba ya kazini kwa mume, wengine nyumba ya kanisa, wengine nyumba ya wakwe. Tunataka paonekane pamekaliwa na sisi, nasi tunaogopa kuwaudhi waliotutangulia. Majumba makubwa ya kale yaliyogeuzwa kuwa hoteli yana tatizo hilo hilo, ila lao ni kubwa zaidi, na kila mtu analitazama.

Jumba juu ya mto Thames

Nchini Uingereza, upande wa magharibi wa jiji la London, katika jimbo la Buckinghamshire, kuna jumba liitwalo Cliveden. Limesimama juu ya mwinuko wa chokaa, na chini yake unapita mto Thames. Nyumba ya kwanza mahali hapo ilijengwa katika karne ya 17 na George Villiers, Duke wa pili wa Buckingham. Ikaungua mwaka 1795. Ikajengwa nyingine, nayo ikaungua mwaka 1849. Jumba lililopo leo ni la tatu. Lilikamilika mwaka 1851 kwa michoro ya Charles Barry, yule yule aliyechora jengo la Bunge la Uingereza, naye alilijenga kwa ajili ya Duke wa Sutherland.

Mwaka 1893 tajiri mmoja kutoka Marekani, William Waldorf Astor, alilinunua. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vya kale vya Ulaya, naye alilijaza jumba vitu hivyo. Alimwita mchora majengo J. L. Pearson, wakaufanya ukumbi wa kuingilia uwe wa mbao za mwaloni kutoka chini hadi juu. Nguzo za ngazi ziliwekewa sanamu ndogo za mbao za watu waliowahi kuishi hapo zamani. Ukutani yakatundikwa mazulia makubwa yenye picha za vita, yaliyofumwa Brussels. Mwaka 1897 akanunua mbao za ukutani zenye nakshi za dhahabu kutoka kasri ya Asnières, karibu na Paris, akazileta Uingereza na kuzipachika katika chumba cha kulia chakula. Mpaka leo wageni hula katika chumba hicho, na mtu akitazama vizuri huona mbwa wa kuwinda na sungura waliochongwa juu ya kuta.

Lilikuwa jumba la kustaajabisha. Lakini lilikuwa jumba la mwanamume aliyefiwa na mkewe, mpenda kumbukumbu za kale. Lilikuwa zito, lenye giza, lenye makochi ya ngozi na sakafu ya vijiwe vya rangi. Lilikuwa zuri kwa kutazama, si kwa kuishi.

Bibi harusi aingia

Mwaka 1906 mtoto wake wa kiume, Waldorf, alioa. Baba akawapa Cliveden kuwa zawadi ya harusi, yeye akahamia kwenye kasri yake nyingine ya Hever. Bibi harusi aliitwa Nancy, Mmarekani wa jimbo la Virginia, mwenye miaka 26. Alikuwa ameolewa mara moja kabla ya hapo, ndoa hiyo ikavunjika kwa uchungu, naye alikuja na mtoto mmoja wa kiume. Fikiri, mama mwenzangu: mgeni wa nchi, mke wa pili maisha kuanza, anakabidhiwa jumba ambalo mkwe wake amelipamba kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka 10, na mkwe mwenyewe bado yu hai.

Nancy hakukaa kimya. Aliing'oa sakafu ya vijiwe. Makochi ya ngozi yakapisha viti vya kitambaa chepesi cha maua. Alileta vitabu, na maua mabichi katika kila chumba. Akafungua mapazia mwanga ukaingia. Kwa miaka iliyofuata nyumba ile ilijaa watoto, kwani yeye na Waldorf walijaliwa watoto watano juu ya yule wa kwanza, na ilijaa wageni wasiohesabika.

Lakini tazama pia yale ambayo hakuyagusa. Mbao za mwaloni zilibaki. Sanamu za ngazini zilibaki. Chumba cha dhahabu cha kulia kilibaki. Juu ya ngazi kuna picha ya darini ya watoto wa Duke wa Sutherland, waliochorwa kama majira manne ya mwaka. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mapambo ya ndani ya mwaka 1851 iliyosalia, nayo ilibaki. Nancy aliondoa vilivyoifanya nyumba isikalike, akaacha vilivyoifanya iwe Cliveden.

Inasimuliwa kwamba mkwe wake alipokuja kutazama hakununa. Alisema kwa upole kwamba furaha ya kwanza ya mwenye nyumba ni kuigeuza ifanane na moyo wake. Kama ndivyo alivyosema, basi alikuwa na hekima ambayo wakwe wengi wangeweza kujifunza. Ukishatoa zawadi, iachie.

Ukutani mwa ukumbi ule hadi leo kuna picha kubwa ya Nancy, iliyochorwa na John Singer Sargent mwaka 1908. Amesimama ameweka mikono nyuma. Mchoraji alikusudia kumchora akiwa amembeba mgongoni mtoto wake mdogo, lakini mtoto hakutaka kutulia, ikabidi aondolewe kwenye picha. Mikono ya mama ikabaki pale pale nyuma, kama bado imeshika mtoto. Mama yeyote aliyewahi kujaribu kumpiga mtoto picha studio atacheka akisikia hayo.

Nancy ndiye mwanamke wa kwanza kuingia na kukaa katika Bunge la Uingereza, mwaka 1919. Huko alipigania mambo yanayotugusa sisi akina mama. Mwaka 1923 alifanikisha sheria ya kuzuia vijana wa chini ya miaka 18 kuuziwa pombe katika baa. Yeye mwenyewe hakunywa kabisa.

Kutoka nyumba hadi hoteli

Mwaka 1942 akina Astor waliikabidhi Cliveden kwa National Trust, shirika linalotunza majumba na ardhi za kihistoria nchini humo, wao wakaendelea kuishi ndani. Nancy alifariki mwaka 1964, na mwaka 1966 familia iliondoka. Vyombo vingi viliuzwa. Kwa miaka kadhaa chuo kikuu cha Stanford cha Marekani kilipanga pale kwa ajili ya wanafunzi wake. Katikati ya miaka ya 1980 jumba likafanywa hoteli, nalo ni hoteli hadi leo. Nyumba na bustani ni mali ya National Trust, wenye hoteli ni wapangaji. Vyumba vyake vya kulala vimepewa majina ya watu waliowahi kufika pale. Usiku wa kuamkia harusi yake na mwana wa mfalme Harry, mwezi Mei 2018, Meghan Markle alilala huko pamoja na mama yake.

Sasa fikiria kazi iliyowakabili mafundi. Jumba limejengwa kwa familia moja na watumishi wengi, na sasa kila mgeni anataka bafu lake, maji ya moto, joto wakati wa baridi, na mlango unaofungika. Mabomba yapite wapi pasipo kukata nakshi? Nyaya za umeme zifichwe wapi? Hoteli lazima iwe na milango ya kuzuia moto na njia za kutorokea, na nyumba ambayo mahali pake pameshaungua mara mbili haiwezi kufanya mzaha na jambo hilo. Zaidi ya hayo, jengo limo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria. Huwezi kutoboa ukuta, kuondoa mlango wa kale wala kubadili dari pasipo kibali.

Ndiyo maana katika majumba ya namna hii kazi haianzi na uchaguzi wa rangi. Huanza na kupeleleza. Wataalamu hukwangua kipande kidogo cha rangi pembeni ambapo hapaonekani, wakahesabu matabaka yake moja baada ya jingine, wapate kujua chumba kilipakwa rangi gani na waliotangulia. Husoma orodha za vyombo zilizoandikwa zamani. Hutazama picha. Hupanda darini kuangalia paa na mifereji ya maji ya mvua, maana zulia la bei kubwa chini ya paa linalovuja ni fedha iliyotupwa. Na wakishafika kwenye kubadili, hupenda mabadiliko yanayoweza kurudishwa: bafu linajengwa ndani ya chumba kama sanduku ndani ya sanduku, lisiguse dari ya kale, ili siku moja likitolewa chumba kibaki kama kilivyokuwa.

Kuna jambo jingine linalofaa tulijue. Nancy Astor alikuwa na binti wa dada yake, naye akiitwa Nancy; jina lake la ndoa Nancy Lancaster. Huyu alizaliwa Virginia mwaka 1897, akafariki mwaka 1994. Alinunua kampuni ya upambaji ya Colefax and Fowler ya London, na pamoja na John Fowler walifanya mtindo wa nyumba za mashambani za Uingereza ujulikane dunia nzima. Mtindo wake ulikuwa nini? Ulikuwa kwamba chumba kisionekane kimetoka dukani jana. Alipenda vitambaa vilivyopauka kidogo, viti vya nyakati mbalimbali vilivyokaa pamoja kama ndugu, taa za mwanga mpole, moto na maua. Inasimuliwa kwamba kitambaa kipya kilichong'aa mno kilichovywa katika maji ya chai kipunguze makali. Naye aliwaletea Waingereza mabafu yenye joto na viti vya kukalia, maana aliona haina faida kuwa na picha za thamani ukutani wakati mgeni anatetemeka kwa baridi.

Uzuri usioweza kuokoa

Nisije nikawafanya mdhani kwamba nyumba nzuri huzaa watu wema. Mwezi Julai 1961, kando ya bwawa la kuogelea la Cliveden hiyo hiyo, waziri wa vita wa Uingereza, John Profumo, mume wa mtu, alikutana na msichana Christine Keeler. Yaliyofuata yalikuwa aibu ya taifa. Alikana mbele ya Bunge, kisha mwezi Juni 1963 akakiri kuwa alisema uongo, akajiuzulu. Kuta zilikuwa zile zile za mwaloni, maua yalikuwa yale yale mezani. Mapambo hayakumzuia mtu.

Kwa hiyo, mama, tupambe nyumba zetu, lakini tusizitegemee. Mithali 24:3-4 inasema habari za nyumba kujengwa kwa hekima, kuthibitishwa kwa ufahamu, na vyumba kujazwa vitu vya thamani kwa maarifa. Angalia mpangilio wake. Hekima hutangulia, vitu hufuata.

Mpambaji wa Shunemu

Ukitaka kumjua mpambaji wa chumba cha mgeni katika Biblia, soma 2 Wafalme 4:8-10. Yule mwanamke tajiri wa Shunemu aliona Elisha anapita mara kwa mara. Hakukimbilia sokoni. Kwanza alizungumza na mumewe. Kisha akapendekeza chumba kidogo cha juu, na ndani yake vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa.

Vitu vinne! Lakini kila kimoja kina maana yake. Kitanda ni cha kupumzikia mwili. Meza ni ya kazi na chakula. Kiti ni cha kukaa na kufikiri. Taa ni ya kusomea usiku. Mama yule alimfikiria mgeni wake ni nani na anafanya kazi gani, ndipo akachagua vyombo. Hoteli kubwa huwalipa wataalamu fedha nyingi ili wafikie hapo alipofika mama wa Shunemu bure.

Barua ya msomaji

Miongoni mwa barua nilizopata kuna moja iliyonigusa, nami nimeona mahali pake ni hapa. Dada mmoja ameandika kwamba baada ya baba mkwe kufariki, mumewe ambaye ni kifungua mimba ameitwa arudi nyumbani. Sasa wanaishi katika nyumba aliyoijenga marehemu, pamoja na mama mkwe mjane anayekaa chumba cha nyuma. Sebuleni kuna makochi ya mbao nzito yenye foronya zilizochakaa, kabati la vioo lenye vyombo visivyotumika, picha ya harusi ya wakwe, na saa ya ukutani iliyokwisha kusimama. Kuta ni za kijani kibichi kilichofifia. Yeye ana fedha kidogo za mradi wake wa ushonaji na anataka kubadili. Aliposogeza kabati tu, wifi yake alimwambia kwamba amekuja kumfuta baba yao. Mume anasema, "Fanya utakavyo," kisha anaondoka. Dada anauliza: je, nina haki au sina?

Dada yangu, haki unayo. Wewe ndiye unayefagia sebule hiyo, unayepokea wageni wake, na watoto wako ndio wanaoandikia kazi za shule kwenye meza yake. Lakini haki peke yake haitoshi kupanga chumba. Nisikilize mambo machache.

La kwanza, usikubali jibu la "Fanya utakavyo." Jibu hilo linaonekana kama ruhusa, kumbe ni kukuachia mzigo. Mama wa Shunemu alisema na mumewe wakakubaliana. Mwombe mumeo mkae jioni moja, mpitie chumba kwa chumba, na yeye ndiye awaambie ndugu zake yaliyoamuliwa. Neno la mwana kwa dada yake halina uchungu kama neno la mke wa kaka.

La pili, mwendee mama mkwe mwenyewe kabla ya wifi. Usiende na orodha ya vitu vya kutupa. Nenda na maswali. Kabati hili lilinunuliwa lini? Saa hii aliileta nani? Wale wataalamu wa majumba ya kale huanza kwa kukwangua rangi wapate kujua ya kale. Wewe hapo umebahatika, maana unaye shahidi aliye hai. Huenda ukagundua kwamba makochi yale hakuyapenda hata siku moja, na kwamba moyo wake wote uko kwenye ile saa. Mara nyingi tunagombania kitu ambacho mwenyewe hakijali, tukikanyaga kile anachokijali pasipo kujua.

La tatu, ukishasikia, gawanya vitu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile vinavyobaki mahali pa heshima. Picha ya harusi ya wakwe na ibaki ukutani, tena iwekewe fremu mpya. Saa ipelekwe kwa fundi itembee. Fungu la pili ni vile vinavyobaki lakini vibadilishwe. Mbao nzito za zamani mara nyingi ni imara kuliko za dukani leo. Mwite seremala akaze viungo na kupiga msasa, nawe mshonaji ushone foronya mpya. Fungu la tatu ni vile vya kuondoka. Hivyo visiondoke usiku. Waulizwe wana wote wa marehemu kama kuna anayetaka ukumbusho, ndipo vitolewe. Huenda wifi akachukua kabati lote, na ugomvi ukaisha.

La nne, mpe mama mkwe mahali pake. Chumba chake usikiguse ila kwa kutaka kwake, na sebuleni awepo kiti ambacho kila mtoto anajua kuwa ni cha bibi. Nyumba inayompa mjane kiti haijamfuta mumewe.

Mambo ya kazi

Sasa tuseme ya mikono, maana wengi mnasoma mkiwa na kalamu.

Anza na visivyoonekana. Kabla ya kununua pazia, panda au mpandishe fundi aangalie mabati na misumari yake. Tazama kama mchwa wameingia kwenye fremu za milango. Gonga kwa kisu, mbao iliyoliwa hulia kama debe tupu. Mwite fundi umeme aangalie nyaya za zamani na soketi zinazopata moto. Hapa ndipo fedha ya kwanza iende, japokuwa hakuna mgeni atakayekusifu kwa hilo.

Kaa na nyumba kabla ya kuibadili. Kama unaweza, subiri mvua moja inyeshe na jua kali lipite. Utajua maji yanaingilia wapi, upepo unatoka wapi, na kochi likae wapi lisiunguzwe na jua la alasiri. Jua hupausha vitambaa na mbao. Ndiyo maana katika majumba ya kale mapazia hufungwa saa za jua kali.

Usinunue rangi kwa kutazama kadi ya dukani. Nunua kopo dogo, paka kipande cha ukuta, kisha kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Rangi iliyo nzuri mchana huweza kuwa kama ya hospitali chini ya taa nyeupe. Chumba chenye giza hupenda rangi hafifu yenye joto, kama ya maziwa au ya mchanga.

Uwe mwangalifu na rangi za zamani. Nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na kwa mama mjamzito. Usikwangue kavu. Lowesha ukuta kwanza, watoto wasiwepo, kisha futa sakafu kwa kitambaa chenye maji wala usifagie. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, ni salama zaidi kuisafisha na kupaka mpya juu yake.

Pendelea kinachoweza kurudishwa. Foronya huvuliwa, pazia hushushwa, zulia hukunjwa. Ukuta uliovunjwa haurudi. Katika nyumba yenye mabishano, anza na vile vya kurudishwa, familia izoee kidogo kidogo.

Hesabu gharama, kama Bwana Yesu anavyofundisha katika Luka 14:28. Andika kila kitu, fundi na nauli ya mizigo pia, kisha weka akiba pembeni, maana nyumba ya zamani haikosi siri. Heri kumaliza chumba kimoja kuliko kuacha vitatu nusu nusu.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha akina mama

1. Katika nyumba unayoishi, ni kitu gani ulichokikuta ambacho ungependa watoto wako nao wakikute?

2. Soma 2 Wafalme 4:8-10. Kwa nini mwanamke wa Shunemu alizungumza na mumewe kwanza? Nyumbani kwako mazungumzo ya namna hiyo hufanyika, au kila mmoja huamua peke yake?

3. Wewe uliye mama mkwe: kuna kitu ulichompa mkamwana wako ambacho bado hujakiachia?

4. Mgeni akilala kwako usiku huu, atapata vile vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa?

Swali la tatu msiliruke, hata kama katika kikundi chenu wako wachache wa umri huo. Sisi sote tuliopewa nyumba na wengine tutaiacha kwa wengine, na siku hiyo tutataka bibi harusi anayeingia atuulize kabla ya kusogeza kabati, nasi tuwe na ulimi wa kumwambia, "Mwanangu, panga upendavyo."

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumza habari za jiko: mahali pa kuweka moto, moshi na afya ya macho ya mama. Hadi hapo, Bwana aibariki nyumba yako na wote wanaoingia kwa mlango wake.